Mfuko wa kuhifadhia (NetHack)

Mfuko wa kuhifadhia ni chombo cha kubebea vitu katika NetHack, mchezo wa kompyuta wa kuigiza wahusika uliotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Julai 1987. Kwa Kiingereza cha mchezo wenyewe huitwa bag of holding. Ni mfuko wa kichawi: vitu vinapoingia ndani yake uzito wake hupungua, kwa hiyo mchezaji huweza kutembea na mali ambayo bila mfuko ingemwelemea. Wachezaji wazoefu huuhesabu kati ya vitu vyenye manufaa makubwa mchezoni. Lakini kwa kuwa karibu kila kitu cha thamani huishia humo, mfuko ukilaaniwa, ukiibwa au ukilipuka, kazi ya siku nyingi hupotea kwa mara moja.

Nafasi yake katika mchezo

NetHack huonyeshwa kwa herufi na alama za kawaida za kompyuta badala ya picha. Mchezaji ni alama ya @, mbwa ni herufi d ndogo, joka ni D kubwa, na vifaa vya kazi, mifuko ikiwemo, huonyeshwa kwa mabano ya kufungua. Mambo mengine huelezwa kwa sentensi fupi zinazotokea juu ya skrini. Lengo ni kushuka katika mahandaki yenye ngazi nyingi, kuitwaa Hirizi ya Yendor na kuipandisha hadi kwa mungu wa mhusika. Mhusika akifa, mchezo umekwisha. Faili lililohifadhiwa hufutwa mara linapofunguliwa tena, hivyo hakuna kurudi nyuma kusahihisha kosa.

Mzigo wa mchezaji una mipaka miwili. Wa kwanza ni idadi. Kila aina ya kitu hupewa herufi yake, kuanzia a hadi z na A hadi Z, na herufi 52 zikiisha hakuna nafasi nyingine. Wa pili ni uzito. Uwezo wa kubeba hupatikana kwa kujumlisha nguvu na ustahimilivu wa mhusika, kuzidisha jumla hiyo kwa 25, kisha kuongeza 50. Hata hivyo hauwezi kuzidi 1000. Anayebeba kupita kiasi hutembea polepole na huanguka anaposhuka ngazi. Mzigo ukizidi zaidi, majeraha yake hayaponi kwa kupumzika kama kawaida na mapigo yake hukosa shabaha.

Mfuko wa kuhifadhia husaidia pande zote mbili. Vyote vilivyomo hukaa chini ya herufi moja tu, na uzito wake hupunguzwa.

Asili

Wazo lenyewe lilitoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Marekani. Kitabu cha Gary Gygax kiitwacho Dungeon Masters Guide, kilichochapishwa mwaka 1979, kinaeleza mfuko ambao ndani ni mkubwa kuliko nje. Kitabu hichohicho kinaonya kwamba mfuko huo usikutanishwe na kitu kingine cha jamii yake, yaani shimo la kubebeka, kwani kuingiza kimoja ndani ya kingine hupasua njia ya kwenda ulimwengu mwingine. Kanuni ya mlipuko katika NetHack ni ndugu wa onyo hilo.

NetHack iliendelezwa kutoka mchezo wa Hack, ulioandikwa na Jay Fenlason pamoja na wanafunzi wenzake wa shule ya sekondari ya Lincoln-Sudbury huko Massachusetts, kisha ukapanuliwa na Mholanzi Andries Brouwer. Hack nayo ilimfuata Rogue, mchezo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sarafu ya NetHack, zorkmid, ilichukuliwa kutoka Zork, mchezo wa maandishi matupu ulioanza kuandikwa MIT mwaka 1977. Katika Zork pia kuna mfuko: mfuko wa rangi ya kahawia uliokaa juu ya meza ya jikoni, wenye chakula cha mchana na kitunguu saumu. Huo hauna uchawi wowote. Mchezaji husoma maelezo yake, huufungua, huchukua kilichomo.

Mifuko minne yenye sura moja

Jambo la kwanza linalomtatiza mchezaji mgeni ni kwamba NetHack ina mifuko ya aina nne, na kabla haijatambuliwa yote huitwa kwa neno moja tu, "mfuko". Mchezo hautaji rangi, nakshi wala kitambaa. Aina hizo ni kiroba cha kawaida, kiroba cha turubai iliyopakwa mafuta isipitishe maji, mfuko wa kuhifadhia, na mfuko wa hila.

Yote minne ina uzito wa 15 ikiwa mitupu, kwa hiyo uzito hausaidii kuitofautisha. Bei husaidia kidogo. Kiroba cha kawaida kina thamani ya zorkmid 2, ilhali aina nyingine tatu zote zina thamani ya zorkmid 100. Mwenye duka akitaja bei ndogo sana, mchezaji anajua kwamba hicho ni kiroba tu. Akitaja bei kubwa, swali linabaki.

Wahusika wawili huanza mchezo wakiwa mbele hatua moja: mwanaakiolojia na mwizi. Wote hupewa kiroba cha kawaida tangu mwanzo, na kwa kuwa wanakifahamu, kitu chochote watakachokikuta baadaye kikiitwa "mfuko" tu lazima kiwe mojawapo ya zile aina tatu za bei kubwa.

Mfuko wa hila hujitambulisha wenyewe, tena kwa ubaya. Anayeufungua kama chombo atakuta umeota meno na kumng'ata, na jeraha lake ni pointi 1 hadi 10. Anayeutumia kama kifaa atatoa ndani yake kiumbe, ambaye mara nyingi ni adui. Kwa mhusika aliyekwisha kupata nguvu hilo ni usumbufu tu, lakini kwa aliyeanza dakika tano zilizopita linaweza kuwa mwisho wa safari.

Ukibaki kati ya kiroba cha turubai na mfuko wa kuhifadhia, kipimo kilichozoeleka ni mzigo wenyewe. NetHack haimwonyeshi mchezaji uzito wa vitu kwa tarakimu, lakini humwambia anapoanza kulemewa. Kwa hiyo mchezaji huokota vitu mpaka ujumbe huo utokee, kisha huingiza baadhi yake mfukoni. Dalili ya kulemewa ikiondoka ingawa hakuna kilichotupwa chini, huo ni mfuko wa kuhifadhia.

Uzito na hali ya mfuko

Kila kitu katika NetHack kina hali mojawapo kati ya tatu: kimebarikiwa, ni cha kawaida, au kimelaaniwa. Kwa upanga au kofia tofauti hiyo ni ya wastani. Kwa mfuko wa kuhifadhia hubadilisha kila kitu. Mfuko wa kawaida hupunguza uzito wa vilivyomo hadi nusu. Uliobarikiwa hupunguza hadi robo. Uliolaaniwa huzidisha mara mbili.

Tuchukue mfano wa mchezaji mwenye chupa 20 za dawa, ambazo kila moja ina uzito wa 20. Hati 32 za uchawi zenye uzito wa 5 kila moja. Na posho mbili za chakula zenye uzito wa 20 kila moja. Jumla ni 600. Akizitia katika kiroba cha kawaida atabeba 615, kwa kuwa kiroba hakipunguzi chochote na huongeza 15 zake. Katika mfuko wa kuhifadhia wa kawaida atabeba 315, na katika uliobarikiwa 165. Katika uliolaaniwa atabeba 1215, uzito unaopita kikomo cha 1000 ambacho hakuna mhusika anayeweza kukivuka, hata awe na nguvu kiasi gani. (Hesabu hizi ni za matoleo ya 3.6, katika matoleo ya zamani mfuko ambao haujalaaniwa unaweza kutofautiana kwa uzito wa 1.)

Ndiyo maana kuubariki mfuko ni kati ya kazi za mwanzo za mchezaji anayeupata. Hutumbukizwa katika maji matakatifu: mfuko wa kawaida hugeuka uliobarikiwa, na uliolaaniwa hurudi kuwa wa kawaida, hivyo huhitaji chupa ya pili. Watu huuliza kama inafaa kutumia maji matakatifu kwa mfuko badala ya silaha. Kwa mchezaji anayekusudia kufika mbali jibu ni ndiyo, maana silaha hubadilishwa mara kadhaa njiani na mfuko ni uleule hadi mwisho.

Mlipuko

Hatari kubwa kuliko zote hutokana na fimbo ya kubatilisha. Fimbo hii huondoa uchawi katika chochote inachokigusa. Ikiingizwa katika mfuko wa kuhifadhia, mfuko hulipuka. Mfuko wenyewe, fimbo, na vitu vyote vilivyokuwamo huangamia katika matoleo ya 3.4.3 na 3.6, na mchezaji hujeruhiwa kwa jumla ya dadu sita zenye pande sita, yaani pointi 6 hadi 36. Wengi huokoka na jeraha hilo. Kinachowaumiza ni kusimama hapo wakiwa hai, mahandaki bado yapo chini yao, na mali yote imekwenda.

Mlipuko huohuo hutokea mfuko mmoja wa kuhifadhia ukitiwa ndani ya mwingine, au mfuko wa hila wenye nguvu bado ukitiwa humo. Kuificha fimbo ndani ya kiroba cha kawaida kisha kukiingiza kiroba mfukoni hakusaidii, kwa sababu mchezo hukagua pia vilivyomo ndani ya viroba. Fimbo iliyokwisha nguvu kabisa haina madhara, na vivyo hivyo mfuko wa hila uliokwisha nguvu. Lakini mchezaji mara chache huwa na hakika ya hilo, na mwenye busara hakisii.

Tatizo ni kwamba fimbo za uchawi nazo hupatikana bila majina. Mchezaji huokota "fimbo ya shaba" au "fimbo ya mwaloni", na majina ya aina hiyo huchanganywa upya katika kila mchezo, kwa hiyo iliyokuwa salama jana leo yaweza kuwa ndiyo ya kubatilisha. Njia iliyozoeleka ya kujihadhari ni kuandika. Mchezaji huandika neno lolote sakafuni kwa kidole, kisha hujaribu kuandika mahali hapohapo kwa fimbo asiyoijua. Fimbo tatu hufanya maandishi ya mwanzo yatoweke: ya kubatilisha, ya kuhamisha, na ya kufanya vitu visionekane. Duka huweza kuitenga ile ya tatu, ambayo bei yake ya msingi ni zorkmid 150, lakini mbili za kwanza zote ni 200. Fimbo yoyote iliyofuta maandishi haiingii mfukoni mpaka ijulikane ni ipi. Kanuni hii ni rahisi kuikumbuka mtu akiwa ametulia. Wanaoivunja ni wale wanaohamisha vitu kwa haraka, wakichagua "weka vyote" badala ya kupitia kimoja kimoja.

Laana na upotevu

Mfuko uliolaaniwa una hasara nyingine mbali na uzito. Kila unapofunguliwa, kila kitu kilichomo kina uwezekano wa moja kwa 13 wa kutoweka moja kwa moja. Ukiwa na vitu 52 ndani, tarajia kupoteza vinne kila unapoufungua. Kwa kitu kimoja, baada ya kuufungua mara tisa uwezekano wa kukikuta bado kipo umeshuka chini ya nusu. Rundo la vitu vya aina moja huhesabiwa kuwa kitu kimoja, hivyo hati zote za aina hiyo huweza kutoweka pamoja.

Laana yenyewe hutoka kwa maadui wanaojua uchawi, hasa Mchawi wa Yendor katika sehemu za mwisho za mchezo. Uchawi wao huchagua ovyo kati ya vitu anavyobeba mchezaji, lakini haufikii vilivyo ndani ya vyombo. Kwa hiyo chupa ya maji matakatifu iliyo mfukoni haitalaaniwa, ila mfuko unaoihifadhi waweza kulaaniwa, na kuitoa chupa hiyo ili kuuponya mfuko kunalazimu kuufungua mfuko uliolaaniwa. Wachezaji waliokutana na hali hiyo mara moja huacha angalau hati moja ya kuondoa laana nje ya mfuko.

Hali ya mfuko hujulikana kwa kuuweka juu ya madhabahu: mng'aro mweusi ni laana, na wa rangi ya kaharabu ni baraka. Mhusika kuhani huiona hali ya kila kitu bila madhabahu. Mwenye mbwa au paka humwangalia mnyama wake, kwa kuwa husita kukanyaga kitu kilicholaaniwa.

Kwa upande mwingine mfuko ni ngao. Moto unaochoma hati, baridi inayopasua chupa, na umeme unaolipua fimbo na pete havifikii vilivyo ndani. Maji ndiyo hupenya. Mchezaji akitumbukia mtoni, hati zilizo katika mfuko wa kuhifadhia hufutika na dawa huzimuliwa, jambo ambalo kiroba cha turubai hukinga isipokuwa kimelaaniwa. Mfuko wa kuhifadhia uliopakwa grisi nao hukinga, mpaka grisi iishe.

Pia yupo nimfu, kiumbe mwenye sura ya msichana mrembo anayeiba kitu kimoja na kutoweka mara moja. Akiubeba mfuko, amebeba vyote. Huonyeshwa kwa herufi n, na mwenye upinde hamsubiri amkaribie.

Kupatikana

Mfuko wa kuhifadhia huweza kuokotwa popote, ingawa ni 2 tu katika kila vifaa 100 vinavyozalishwa ovyo na mchezo. Njia ya uhakika zaidi ni Sokoban, tawi la mahandaki lenye mafumbo ya kusukuma mawe lililoongezwa katika toleo la 3.3.0 la mwaka 1999. Anayemaliza ngazi zake nne hukuta zawadi moja kati ya mbili: mfuko wa kuhifadhia au hirizi ya kuakisi. Uwezekano ni nusu kwa nusu.

Njia ya tatu ni ya huzuni kidogo. Mhusika akifa, mchezo wakati mwingine huhifadhi ngazi aliyofia pamoja na mali yake, na mhusika wa baadaye katika kompyuta hiyohiyo huweza kuifikia. Vitu vya marehemu hulaaniwa kwa uwezekano wa asilimia 80 kila kimoja. Mfuko wake basi huwa umelaaniwa karibu kila mara, lakini laana hiyo haivigusi vilivyomo ndani, navyo huweza kuwa vya thamani sana. Anayeukuta huuondolea laana kwanza, ndipo aufungue. Anayeshindwa kujizuia hupoteza sehemu ya urithi kwa papara.

Kuna vitu visivyoingia katika mfuko wowote: Hirizi ya Yendor yenyewe, pamoja na kengele, kinara cha mishumaa na kitabu vinavyohitajika ili kuifikia. Hivyo mchezaji lazima avibebe wazi, mbele ya wezi wote.

Mifuko katika michezo mingine ya maandishi

Katika michezo ya maandishi inayochezwa na watu wengi kwa pamoja, mfuko ulifuata njia nyingine. DikuMUD, iliyoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kutolewa mwaka 1991, iliufanya mfuko kuwa chombo chenye tarakimu chache: uzito unaoweza kuingia, kama unafungika, na namba ya ufunguo wake. Uzito wa mfuko huongezeka kwa kila kinachotiwa ndani, bila punguzo lolote. LambdaMOO, iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, iliwaruhusu wachezaji kutengeneza vyombo vyao na kuviandikia maelezo, hata sentensi ambayo watu wengine chumbani huisoma chombo kinapofunguliwa.

Hapo ndipo mfuko wa urembo ulipopata maana. Katika mchezo usio na picha, mkoba wa hariri wenye nyuzi za fedha ni maneno hayo tu, lakini kila anayemtazama mhusika huyasoma. Katika GemStone IV ya kampuni ya Simutronics, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 2003, mifuko huvaliwa kiunoni, begani au mgongoni, na wachezaji hulipa fedha za mchezoni ili mfanyabiashara abadilishe maelezo ya mfuko wao hata kama uwezo wake hauongezeki. NetHack haina wa kumwonyesha: mchezaji yuko peke yake chini ya ardhi, na mfuko wake hauna sifa nyingine zaidi ya uzito na vile vilivyomo.